Ufunguo wa Greda la Itäranta

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Manispaa yetu, Bibi Sirkku Tolvanen,

Sisi wanachama wa Chama cha Barabara cha Itäranta tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umeanzia ng'ambo ya ziwa, huko Länsiranta. Hatukuuliza. Gari lako tuliliona limeegeshwa kwao tangu asubuhi, nasi tukaendelea kupanga vikombe. Tunajua pia kwamba huko umelishwa mkate uliookwa na samaki ndani yake. Sisi tuna supu ya samaki, kahawa, na mikate mitamu ya iliki. Ukisema umeshiba tutakuelewa, ila Mama Lempi Juvonen aliyekanda unga tangu alfajiri hatakuelewa.

Tunawasalimu pia ndugu wachache wa ng'ambo waliokufuata mpaka hapa. Viti viko nyuma.

HISTORIA

Mgeni rasmi, barabara hii si ya serikali. Ni mali ya wanaoipita, na anayeipita ndiye anayeilisha. Ndivyo tulivyorithishwa na wazazi wetu. Kwa miaka mingi theluji yetu iliondolewa na mkandarasi wa mjini, ambaye alifika pale alipojisikia kufika. Ng'ambo wana nyumba za mapumziko za watu wa Helsinki, na watu wa Helsinki hawapendi kusukuma gari. Basi wakanunua trekta jipya jekundu, lenye taa kichwani kama mti wa Krismasi. Kila alfajiri ya baridi tulisimama madirishani na vikombe vyetu, tukiitazama taa ile ikipita upande wa pili wa barafu, huku magari yetu yamezikwa mpaka vioo. Hatusemi kwamba tuliona wivu. Tunasema tulitazama.

Aliyetazama kuliko wote ni Reino Karppanen, ambaye amekaa hapa safu ya mbele. Reino aliendesha greda la idara ya barabara mpaka alipostaafu. Dereva wa trekta jekundu ni mdogo wake, tumbo moja, anaitwa Oiva, aliyeoa ng'ambo akahamia huko. Kazi ya greda Oiva aliisomea kwa kaka yake, akiwa amebanwa pembeni ya kiti. Sasa mdogo mtu akawa anang'aa juu ya ziwa, na mkubwa mtu anakoroga kahawa. Mkewe, Aune, anasema mzee alianza kufunga pazia la upande ule, kisha akawa anarudi kulifunua kwa kidole.

Kampuni moja ya kuchimba mboji huko kusini ilipofunga kazi, greda lao kuukuu likatangazwa kuuzwa. Tulimtuma Reino. Katibu alimsindikiza, na haya ameyasikia kwa masikio yake. Reino hakuangalia rangi. Aliweka kiganja juu ya injini, akakiondoa.

"Mmeliwasha kabla sijafika."

"Tumelipasha moto kidogo tu, mzee," akasema muuzaji. "Si unaona baridi hii."

"Mashine ya moto imeshafundishwa la kusema. Ya baridi ndiyo inayosema kweli. Nitangoja ipoe."

"Utangoja mpaka jioni!"

"Nimekuja na kahawa yangu."

Akakaa juu ya gurudumu la akiba, akangoja. Lilipopoa kabisa akaliwasha mwenyewe. Lilikohoa, likatema moshi mweusi, likatulia. Akaisukuma bledi, lile panga la chuma la kukwangulia barabara, kwa mguu apate kusikia inavyocheza, akachomoa kijiti cha oili, akanusa. Akasema lina maradhi ya uzee, si ya kifo. Tukanunua.

Siku ya kulileta nyumbani alilipitisha kwanza ufukweni, mahali panapoonekana vizuri kutoka ng'ambo. Njia ya kwenda bandani si ile.

MAFANIKIO

Tangu hapo, Mgeni rasmi, basi la wanafunzi halijachelewa kwa sababu ya theluji, na mama mzazi wa mwisho alifika hospitali kabla mtoto hajafika duniani. Trekta husukuma theluji mpya, na husukuma vizuri, hatukatai. Lakini barafu iliyogandamana na barabara, ile inayowaangusha wazee, huondolewa na bledi ya greda peke yake. Hilo, trekta jekundu haliliwezi, hata likipakwa rangi upya.

Kila vuli tunafanya msaragambo: tunabadilisha makali ya bledi, tunafunga minyororo ya magurudumu, tunakagua mipira ya oili. Vipuri vya greda hili havitengenezwi tena, kwa hiyo tunachonga wenyewe. Grisi lakini anapaka Reino tu. Aliyewahi kushika bomba la grisi bila ruhusa aliambiwa, "Weka chini. Kwani mkeo nimewahi kumchana nywele?"

Malalamiko hayakosekani. Mama Lempi alimsimamisha njiani msimu uliopita.

"Reino, malango yote unayaacha safi, langu unaliachia tuta la theluji. Bado ni ile dansi?"

"Dansi gani?"

"Ile niliyocheza na Oiva."

"Siikumbuki. Una koleo, wewe?"

Walikuwa vijana wakati huo, Mgeni rasmi. Tuta lenyewe ni la mwaka jana.

CHANGAMOTO

Majira ya baridi yaliyopita tulipata habari kwamba ng'ambo wamelijengea trekta lao banda lenye joto. Hapa ndipo tulipokosea, nasi tulikosea sote, kwa kura ya mikono. Greda letu lilikuwa linalala kwenye banda la mbao lenye baridi ileile ya nje, na halikuwahi kuugua. Tukasema, je, letu ni mtoto wa kambo? Tukaweka jiko bandani. Reino mwenyewe, aliyekataa kununua mashine iliyopashwa moto, alileta kuni.

Greda likaingia bandani limevaa theluji. Kwenye joto theluji ikayeyuka, maji yakaingia kwenye breki na kwenye duara kubwa la meno linaloigeuza bledi. Asubuhi likatoka nje kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri. Lilipofika katikati ya mlima wa shule kila kitu kikaganda. Magurudumu yakashika, bledi ikabaki imekingama barabara nzima. Huku basi la wanafunzi, kule gari la posta. Barabara ilifungwa na mfagiaji wake.

Sote tulikuwa pale, na sote tuliona taa ile ikiacha njia yake, ikikata barafu ya ziwa moja kwa moja kuja kwetu. Wako miongoni mwetu walioomba iwe ni ya mtu mwingine.

Oiva akashuka. Akalizunguka greda, mikono nyuma.

"Kaka, bibi harusi umemlaza katikati ya njia?"

"Pita pembeni."

"Pembeni ipi? Ya mtaroni?"

"Rudi kwa Wahelsinki wako, watakukosa."

"Wamelala. Lilikesha kwenye joto, sivyo?"

Oiva akatoa mtungi wa gesi na bomba lake la moto, akajilaza chini ya greda juu ya theluji. Baada ya kitambo Reino naye akajilaza upande wa pili. Tuliona miguu minne tu, na hakuna aliyesikia maneno. Bledi ilipolegea, Oiva alijipangusa akasema, "Niachie nilipeleke mpaka kituo cha basi. Tangu utotoni sijashika greda."

"Trekta lako linakungoja," akasema Reino, akapanda, akafunga mlango.

Jiko tumeliondoa siku hiyohiyo.

Changamoto ya pili ni nzito zaidi. Kiangazi hiki daktari amepima macho ya Reino, na leseni hatapewa tena. Nayo Manispaa imetangaza kwamba kazi ya barabara ya kuzunguka ziwa lote itapewa mashine moja tu. Mashine isiyo na dereva haipewi kazi, na bila kazi hiyo hatutaweza kulitunza greda, itabidi tuliuze. Mnunuzi tunamjua. Ameshauliza mara mbili kwa upole mkubwa, na sasa hivi amekaa kwenye viti vya nyuma.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba kazi ya barabara ya ziwa ipewe greda letu.

Dereva yupo. Kuzunguka ziwa hili mwenye kujua greda na mwenye leseni ni mmoja, naye ni Oiva Karppanen. Ng'ambo watalalamika kwamba tunawanyang'anya dereva wao. Jibu letu ni kwamba Oiva ni mtoto wa Itäranta. Wao waliazimwa tu, kwa njia ya ndoa.

Katika mkutano wetu Reino alikoroga kahawa mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Atakwangua vizuri. Nilimfundisha mimi." Akatoa masharti: greda lilale upande wetu, grisi apake yeye, na ufunguo Oiva aje kuuomba nyumbani kwake kila alfajiri. Tulimwita Oiva, akaja.

"Kila alfajiri nije kukupigia hodi?"

"Kila alfajiri."

"Na kahawa ipo?"

"Aune atachemsha."

"Sijamuuliza Aune. Nauliza kama wewe utakuwa macho saa hizo."

"Miaka yote hii," akasema Reino, "unadhani nilikuwa nimelala? Nilikuwa dirishani nakutazama."

Oiva akainama akatafuta glavu yake chini ya meza, na glavu ilikuwa mkononi.

Hapo tulidhani mambo yamekwisha. Reino akautoa ufunguo mfukoni, akaunyoosha, kisha akaurudisha mfukoni. Akautoa tena, akaurudisha tena. Akasema kumpa mdogo wake mkono kwa mkono hawezi, ila kama kuna mtu mkubwa wa kuupitisha katikati, hatakataa.

Kwa hiyo, Mgeni rasmi, ombi letu la mwisho ni dogo, nalo ndilo tulilokuitia. Reino yuko mbele yako, na mkono wake tayari uko mfukoni. Oiva amesimama pale mlangoni, amekataa kiti. Kama umeona kazi hii hatustahili, ufunguo usiuguse; kunywa kahawa, nasi tutakusindikiza mpaka garini. Lakini kama umeona tunastahili, upokee kutoka kwa Reino, umkabidhi Oiva. Usiuvute. Mpe muda, atauachia mwenyewe. Na ukishamkabidhi Oiva, mwambie mbele yetu sote, na viti vya nyuma wasikie, kwamba jioni aurudishe upande huu.

Mungu akujalie theluji kavu isiyoshika, safari isiyoteleza, na lango lisiloachiwa tuta.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Barabara cha Itäranta.
Imesomwa kwa niaba yao na Katibu, Veikko Hyttinen.