Mchanga wa Uwanja wa Kanisa: Tunamuaga Katekista Felisita Nyanjige

Mimi Marcelo Shigela, mpiga kengele wa kigango hiki, ndiye niliyemfundisha Felisita Nyanjige kusoma. Bila mimi asingejua hata Injili inaanzia wapi.

Basi, huo ni uongo, na naona wanakamati wameshaanza kukohoa. Ukweli ni kinyume chake. Yeye ndiye aliyenikuta mtu mzima mwenye ndevu, sijui kuandika jina langu, akanifundisha kwa kijiti kwenye vumbi. Hakufika mbali na mimi, mtaona wenyewe. Lakini kamati imeagiza wasifu huu uandikwe na mtu aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote, na wale wengine wameshatangulia mbele za haki.

Felisita anastaafu leo, Sikukuu ya Kristo Mfalme, tarehe 21 Novemba 1999. Amekuwa katekista wetu hapa Mwagindu tangu mwaka 1968. Padre huja na pikipiki yake mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Jumapili nyingine zote tumekuwa mikononi mwa mama huyu.

Kwao ni Kalemela, kwa watu wa samaki. Aliletwa huku na ndoa, akaolewa na Mayige, mfugaji, ambaye hadi leo hajabatizwa na anaendelea na matambiko ya babu zake. Padre wa wakati ule alipomsikia anavyosoma, akamkabidhi kazi. Wanaume walinuna. Masele, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kigango, alisimama akauliza, "Kwani Mungu ameishiwa wanaume?" Felisita akamjibu kwa heshima zote, "Hapana, baba. Wapo. Wako kilabuni."

Utaratibu wake mnaujua. Masomo yakisha kusomwa, hakuna kwenda nyumbani mikono mitupu. Kila mmoja anapewa kazi ya wiki. Likisomwa somo la kusamehe, unatajiwa jirani yako mbele ya watu. Likisomwa la mgeni, unaambiwa nani analala njaa na nyumba yake iko wapi. Jumapili inayofuata unasimama na kusema umefanya nini. Mashimba, kijana mwenye hasira za karibu, aliwahi kupewa kazi ya kugeuza shavu la pili. Akarudi na mashavu yote mawili yamevimba, anauliza kama kuna somo lolote kuhusu meno.

Lakini wengi hamjui alikoyapikia masomo hayo. Kila Jumamosi jioni, Mayige akikamua, Felisita alikaa kwenye lango la zizi akamsomea masomo ya kesho yake, kisha akamwelezea kwa Kisukuma. Mayige akielewa, kigango kitaelewa. Mayige akikataa, mama alianza upya.

Kwa mfano, lile la mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja aliyepotea. Mayige aliacha chuchu ya ng'ombe. "Mchungaji gani huyo? Hao tisini na tisa kawaachia nani? Fisi?" Kesho yake Felisita alituambia hivi: ninyi mnaojiona hamjapotea, mna kazi. Kaeni pamoja, msitawanyike, ili mchungaji aweze kwenda kumtafuta mwenzenu bila wasiwasi. Mimi nilikuwa nimesikia somo lile tangu nabatizwa, na siku zote nilijihesabu yule mmoja, kwa sababu ndiye anayebebwa.

Hiyo ilikuwa Septemba 1995. Jumapili iliyofuata ndipo balaa lilipoanza, na wasifu usiotaja balaa hilo ni sawa na mchuzi bila chumvi.

Mnaikumbuka miaka hiyo. Soko lilikuwa limefunguliwa. Badala ya chama cha msingi peke yake, pamba ilinunuliwa na kila aliyekuwa na mizani na mdomo. Kwetu alikuja Novatus, wakala wa kampuni moja ya mjini, kijana mtanashati mwenye miwani ya jua, naye alisali nasi, benchi la mbele. Kigango kilikuwa na shamba lake la pamba, na magunia yetu yalikuwa yamepangwa nyuma ya kanisa yakingoja kupimwa kesho yake. Fedha ilikuwa ya mabati. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza, na mvua za Novemba hazingoji mtu.

Somo likawa la nabii Amosi, anapowakemea wanaopunja kwa mizani ya uongo. Kanisa zima likamgeukia Novatus. Wengine waliinuka kidogo ili wamwone vizuri. Felisita akasema, "Msimtazame bado. Somo halijaisha." Akaendelea pale nabii anapowasema pia wanaouza makapi wakayaita nafaka. Shingo zote zikarudi mahali pake.

Kazi ya wiki ikawa kila nyumba imwage gunia lake mbele ya jirani. Na ili asiwatume watu mahali asikokwenda mwenyewe, akaagiza tuanze na gunia la kigango. Pamba ile aliichuma kwa mikono yake pamoja na akina mama. Tukatandika mkeka, tukamwaga.

Juu pamba nyeupe kama maziwa. Katikati, mchanga.

Felisita akauchota kiganjani, akauliza ni wa nani. Masele ndiye aliyejitokeza, na wala hakuona haya. "Mchanga ni wangu," akasema, "lakini si wa wizi. Nimeuchota hapa hapa uwanjani kwa kanisa. Ni mali ya Mungu ndani ya mali ya Mungu. Nilitaka mabati yawahi."

Novatus alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Mama Katekista, usihangaike," akasema. "Kesho nitayapima hivyo hivyo. Mchanga wenu na mizani yangu wanafahamiana siku nyingi."

Alipomaliza kusema ndipo alipotambua kwamba amejifichua. Kumbe tulikuwa tumepatana bila kuandikiana: sisi tunatia mchanga, yeye anachezea mizani, na kila upande unamwita mwenzake mwizi. Felisita akamwambia, "Basi, mdogo wangu, tuache wote siku moja. Sisi tunasafisha, wewe kesho leta mizani hapa tuikague."

Kesho yake Novatus hakuja. Wala kesho kutwa. Alihamishia mizani upande wa Lamadi, na msimu ukafungwa tukiwa bado tunachambua mchanga kwenye mikeka. Mabati hayakupatikana, na kila mwenye pamba yake ikambidi aibebe kwa mkokoteni hadi mjini. Watu walikasirika kweli. "Katuhamishia soko!" wakasema. Kamati ikamwita: ama asome tu, bila kazi ya wiki, ama aache ukatekista. Felisita akajibu, "Kusoma tu, hata redio inaweza." Kamati ikaamua kura ipigwe baada ya ibada, Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha kama inadai. Maji yalipita kwenye nyasi zile hadi altareni. Felisita aliongoza ibada ameinama, amekifunika kitabu cha masomo kwa khanga yake, mwenyewe analoa. Hakuna aliyemsogelea. Masele alikuwa na vikaratasi vya kura mfukoni, navyo vinaloa.

Ndipo tukasikia mkokoteni. Mayige, ambaye siku zote huishia kwenye uzio wa katani wa kanisa, aliingia hadi mlangoni, amebeba ngozi za ng'ombe begani. Alitutazama wanaume wote, mmoja mmoja.

"Mungu wenu bado sijamfahamu vizuri," akasema. "Mke wangu namfahamu. Aliniambia mlisomewa tisini na tisa wakae pamoja. Mbona mnatawanyika? Nani ana kamba?"

Kamba nilikuwa nayo mimi. Ni ile ya katani iliyoning'iniza kengele yetu, yaani ringi la lori. Nikaikata. Mashimba akapanda paani wa kwanza kuzifunga ngozi juu ya matundu, maana hasira zake angalau zina miguu. Ngozi zikawa nzito, akaita msaidizi, na aliyekuwa karibu na ngazi ni Masele. Kura haikupigwa. Mwenyekiti alikuwa juu ya paa.

Felisita akaendelea kuwa katekista, na kazi ya wiki ikaendelea. Nisiwadanganye kwamba tangu hapo tumekuwa malaika. Msimu uliofuata nyumba kadhaa zilimwaga magunia mbele ya majirani. Nyingine bado pamba yao "inapata umande" usiku wa kuamkia mizani, iongeze uzito. Wanunuzi wengine walikuja, wengine wema, wengine wa aina ya Novatus. Mabati tulipata miaka miwili baadaye, ya upande mmoja tu, akina mama wakapewa. Upande wetu wanaume bado ni nyasi na zile ngozi, nazo jua likiwaka zinafukiza ubani wa aina yake.

Zamani nilidhani wokovu ni kama kukata tiketi: ukishabatizwa, kaa kwenye kiti ungoje kufika. Felisita alinionyesha kwamba ni kama kuchuma pamba. Kitumba kimoja kinapasuka leo, kingine wiki ijayo, nawe unarudi shamba lile lile na mgongo ule ule. Jumapili unaonyeshwa kilichopasuka. Jumatatu unakwenda kukichuma. Sijui kama nitaokoka. Nina mengi ya kuchuma na mgongo umechoka. Lakini najua nilipo shambani, na hilo nimelipata kwake.

Kuanzia Jumapili ijayo masomo yatasomwa na Constantine, kijana aliyetoka chuo cha makatekista, anayesoma kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa na nyuki. Tumpokee vizuri. Atapunguza mwendo akianza kutufahamu.

Mayu Felisita, wabeja sana, yaani mama, asante sana. Upumzike, ule samaki wa kwenu hadi uchoke, na mvua ikunyeshee shambani, siyo kichwani.

Limebaki jambo dogo. Kamba yangu iko juu ya paa hadi leo, na ringi linaning'inia kwa waya, linalia kama sufuria. Kamba nilikuazima, na hujanirudishia. Sitaki ishushwe, Masele huketi chini yake kila Jumapili. Badala yake naomba kigoda kwenye lango la zizi, Jumamosi jioni. Mayige ameniambia anataka uendelee kumsomea, kustaafu au kutostaafu, kwa sababu bado anasikiliza. Mimi pia.