Nzula Nzomo na Kisima Kilichohamishwa

Familia za Masila na Nzomo zinawashukuru nyote mliofika hapa Kabiria, mliompenda marehemu, mliomfahamu kidogo, na nyinyi mliokuja ili muonekane mmekuja, ambao viti vyenu vya mbele vimefunikwa vitambaa vyeupe. Marehemu alishikilia kwamba namba isiyo na maelezo ni fununu tu, kwa hiyo historia hii itataja tarehe pamoja na aliyezishuhudia, ili asitokee wa kuzisahihisha kesho akiwa ndani ya gari.

Rael Nzula Nzomo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1978 huko Mutomo, Kitui, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Nzomo na mama Syokimau, ambaye yuko nasi leo na ndiye shahidi. Kitambulisho kinasema Januari mosi, kwa kuwa karani hakujisumbua kuuliza, na rambirambi za ofisi yake, zilizochapwa ukurasa wa nne wa programu mliyoishika, zinasema alizaliwa Machakos, kwa kuwa huko pia hakuna aliyeuliza.

Alisoma shule ya msingi nyumbani, na kila jioni akifuatana na mama yake kufukua mchanga wa mto ili wapate maji, alimwuliza kwa nini maji yako hapa na si pale, swali ambalo mama anasema halikumtoka tena. Alimaliza sekondari mwaka 1996 mjini Kitui, akasomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Chiromo, akahitimu mwaka 2002. Huko ndiko alikokutana na Masila, mwanafunzi wa hisabati, aliyefunga naye ndoa Jumamosi tarehe 14 Agosti 2004 katika kanisa hilihili, na wengi wenu mlikula pilau yake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kamene na Nthiwa.

Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa na Kituo cha Kumbukumbu za Ardhi, katikati ya jiji, si mwaka 2008 kama ukurasa wa nne unavyodai. Alikuta rekodi za visima, mvua na mitetemeko ya nchi nzima zikiwa zimefungiwa makabatini, na wakubwa wamezilalia kama kuku aliyelalia mayai viza, na mwananchi aliyetaka kujua maji ya mtaa wake yana floridi kiasi gani aliambiwa alete barua, kisha barua nyingine, kisha asubiri mwenye ufunguo arudi kutoka semina. Marehemu alizitoa rekodi hizo moja baada ya nyingine, na mwaka 2016 akafungua huduma ya mtandaoni ambayo kompyuta yoyote, iwe ya Lodwar au ya Kilimani, ingeiuliza swali na kujibiwa papo hapo, bila barua wala ufunguo. Kila jibu lilikuja na maelezo yake, nani alipima, lini, kwa chombo gani, na kwa vipimo vya ramani ipi, kwa sababu ramani zetu za zamani zilipimwa kuanzia msingi mmoja na setilaiti zinapima kuanzia msingi mwingine, na anayezichanganya bila kujua hukuta kisima kimehama karibu mita mia tatu.

Mwaka 2022 Kituo kilipata Mkurugenzi mpya, na Mkurugenzi akapata washauri wa tovuti kutoka Kilimani, vijana nadhifu sana, waliosema kurasa zimejaa maneno. Marehemu alieleza katika kikao, kwa utulivu wake, kwamba maneno hayo ndiyo yanayoshikilia namba mahali pake. Ogutu, mwenzake wa dawati la pili, anakumbuka jibu la Mkurugenzi: "Nzula, watu wanataka namba, hawataki insha." Mstari uliotaja vipimo vya ramani ukafutwa siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata kanisa hili liliamua kuchimba kisima, kwa kufuata mkondo wa maji wa kisima cha zamani cha walowezi. Mkandarasi aliiuliza huduma, akapewa namba tupu za ramani ya zamani, akazifuata kwa setilaiti, akaleta mtambo, na matokeo yake mmeyapita mkija, nyuma ya jiko, shimo refu lisilotoa hata tope. Marehemu aliwaambia wanakamati wapime upya kuelekea kusini, kwenye uwanja wa shule ya Jumapili, wakamwona anajitetea. Basi Muchiri, mwenyekiti wa kamati, akamsubiri baada ya ibada, kikombe mkononi, kina mama wakisikiliza.

"Mama Kompyuta," akasema, "maji yako yako wapi?"

"Yako palepale yalipokuwa, mwenyekiti," akamjibu. "Nyinyi ndio mliohama."

Watu walicheka, na hawakumcheka Muchiri. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na jina la Mama Kompyuta lilimfuata hadi sokoni. Kituo nacho, kiliposikia malalamiko ya kanisa, kilihitaji mtu wa kulaumiwa aliye karibu, na tarehe 22 Januari 2024 Mkurugenzi alimpa marehemu onyo kwa uzembe, kwa kosa alilolikataza yeye mwenyewe mbele ya kikao kizima.

Aliugua Novemba mwaka huohuo, saratani ya kongosho, akatibiwa katika hospitali moja ya Ngara. Hakuomba onyo lifutwe, ingawa mumewe alitaka sana aombe. Alimwomba Ogutu jambo moja, ule mstari urudishwe, na Ogutu akaurudisha bila kumwuliza mtu. Julai mwaka huu kamati ilichimba katika uwanja wa shule ya Jumapili, kimyakimya, bila tangazo kanisani, na maji yakatoka. Hakuna aliyekwenda kumwambia. Alisikia mtambo kutoka kitandani kwake hapa Kabiria, akaomba dirisha lifunguliwe zaidi. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri, mumewe na Kamene wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli mapema, majirani walioosha vyombo vyetu bila kuitwa, na Ogutu, ambaye kati ya wafanyakazi wenzake ndiye pekee tunayemtaja. Kamati ya kisima tunaishukuru kwa maji. Chai mtakayokunywa baada ya ibada imepikwa kwa maji hayo, na mwenyekiti Muchiri ameandaliwa kikombe.

Mkurugenzi, aliyeleta shada la maua, ameomba nafasi ya kuzungumza. Familia haitampa. Akiwa na neno juu ya marehemu, alete lile onyo likiwa limefutwa, na aeleze kwa maandishi nani alilitoa, lini, na kwa kosa la nani.

Kesho alfajiri tunamrudisha Mutomo, alazwe kando ya mto ule ambao mama Syokimau aliuchimba kwa mikono. Pumzika kwa amani, Nzula, mahali tunapopajua, pasipo wa kukuhamisha.