Kisu cha Mama Mkwe

Benchi letu liko ubavuni mwa karakana ya Cheche, mchomeleaji: ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za gari. Jioni ile Cheche hakukaa. Mama mkwe wake anauza nyama, na kisu chake kilikuwa kimevunjika ncha akitenganisha mfupa. Cheche, kwa mdomo wake mwenyewe, akaahidi kumtengenezea kipya. Alikikata kwenye bamba nene la chuma kisichoshika kutu, lililobaki alipounda meza za jikoni. Akakinoa, akakichoma kikawa chekundu, akakitosa kwenye maji, kama anavyofanya siku zote na patasi zake. Sasa mama yuko njiani, na kesho alfajiri ana nyama ya kukata.

— Oneni wenyewe, alisema Cheche, akakata kipande cha kamba. Makali yakalala upande kama majani yaliyokanyagwa.

— Kabla ya moto yalikuwa hivyo? aliuliza Spana, fundi magari mstaafu.

— Afadhali yalikuwa. Nilipochoma, yakalegea. Nikarudia, yakalegea zaidi.

— Rudia tena! Huyo ni Redio, fundi wa redio, ambaye hajawahi kusema hajui. Maji yako ni vuguvugu. Chuma kinataka kushtuliwa. Tia barafu.

— Nimetia.

— Basi tia chumvi.

— Redio, unatengeneza kisu au unapika mchuzi?

Spana akashusha kikombe mdomoni.

— Mimi najua hili tu. Waya wa chuma hiki ukiukunja ukiwa baridi, ukaukunja tena na tena, unakakamaa mpaka mkono unachoka. Upitishe motoni, unarudi kuwa laini.

— Mzee wangu, huo ni waya, alidakia Redio. Hiki ni kisu.

— Si chuma ni hichohicho?

— Waya ni mwembamba, unaogopa moto. Bamba nene halina woga.

— Usinichekeshe, nitamwaga kahawa, alisema Spana.

— Cheka, lakini sikiliza. Tatizo ni malezi. Ndugu wote wa bamba hili wamekuwa meza. Limezaliwa kubeba masufuria. Leo unalichoma kidogo, unaliambia, haya, kuwa kali! Litakuelewa?

— Sasa mama nimwambie nini? Cheche akauliza.

— Mwambie ni kisu maalumu cha nyama laini, alisema Redio.

— Mwambie wewe. Huyo hapo anakuja.

Cheche akajifuta mikono kwenye suruali.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Nimekuja na kile cha zamani, ulinganishe urefu.

Mlangoni pa karakana pana sumaku kubwa ya spika, zawadi ya Redio, inayoshika misumari na funguo. Mama alitaka kufunga mtandio wake vizuri, akakibandika pale kisu cha zamani, kama anavyovitundika visu vyake dukani. Pa! Kikanasa. Akachukua kile kipya, akakibandika kando yake. Kikaanguka chini. Akakiokota, akajaribu tena. Kikaanguka.

— Mbona hiki cha zamani kinanasa, na hiki kipya hakinasi? Vyote si chuma kisichoshika kutu?

Spana akamtazama Cheche. Cheche akamtazama Redio. Redio akanyanyua kikombe anywe. Kilikuwa kitupu, lakini alikiinamisha hivyo hivyo mpaka mwisho.

Cheche akakibandua kile cha zamani kwenye sumaku. Akapitisha kidole gumba juu ya makali yake, taratibu, mpaka pale ncha ilipovunjikia.

— Kaa kidogo, mama. Hiki nakisaga ncha upya sasa hivi. Nitakwenda polepole, na maji kando, kisipate joto hata kidogo, makali yasije yakalegea.

— Na hiki kipya?

— Hicho, mama, ni chuma cha aina nyingine, moto haukikazi. Kinarudi kwa ndugu zake.