Gia ya Alizeti na Vishikio vya Jeneza

Sogezeni viti, wanangu, Rabson na Tusekile, na mama yenu Evarista akae hapa miguuni penye blanketi, mnisikilize, kwa kuwa pumzi niliyo nayo ni ya kuazima na mwenyewe ameanza kubisha hodi. Silii, wala nanyi msilie. Aliyekula chumvi nyingi kama mimi huagwa kwa nyimbo.

Neno langu ni karakana yetu ya hapa Ilomba. Tusekile aliporudi kutoka Iringa na mashine yake ya kuchonga chuma kwa kompyuta, wewe Rabson ulisema dada yako ameleta sanduku la kutunyang'anya ugali, naye akakuita nyundo isiyo na masikio, na salamu zikafa. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Nami nikalima kimya, hadi ilipovunjika gia ya mashine ya kukamua alizeti ya Marta, jamaa yetu wa Mbalizi, mashine kongwe ambayo spea zake hazipatikani popote.

Rabson, ukafua gia yako kwa nyundo na tupa, ikaingia vizuri, lakini ilipozunguka ikalia kama nguruwe anayepelekwa sokoni, meno yakakatika. Tusekile, ukachonga ya kwako, meno yamepangana kama ya mtoto, nayo ikagoma kuingia, maana shafti ilikuwa imelika upande mmoja kwa uzee. Huku alizeti za watu zimejaa uani na Marta amejishika kichwa! Basi mkainama juu ya chuma kimoja, mmoja akikata meno kwa mashine, mwingine akipanua tundu kwa tupa, na bado hamsemeshani. "Mama, mwambie mwanao anipe ile tupa ndogo." "Mama, mwambie asubiri, napima." Mama yenu kasimama katikati kama mkalimani wa mahakama. Mafuta yalipochuruzika mkacheka wote wawili, nami nikageukia ukutani msione ninavyofurahi.

Basi nausia hivi. Nyumba hii ni ya mama yenu, asitolewe hata kwa maneno matamu. Karakana ni yenu wote, isijengwe ukuta katikati. Fuawe, nyundo na tupa zangu nampa Tusekile. Usikunje uso, Rabson, sijachanganyikiwa: wewe utakaa kwenye mashine, dada yako akufundishe, nawe umfundishe kupasha chuma hadi kiive.

Jeneza liwe la mbao za kawaida, ila vishikio vitoke karakanani: vya kulia Tusekile avifue kwa mkono, vya kushoto Rabson avichonge kwa mashine, na visipishane hata unywele, nisije nikafika kaburini nimelala upande. Anzeni leo, maana... maji, Evarista... maana mimi simngoji mwanafunzi mvivu.

Mungu awape mikono isiyotetemeka, na sufuria inayotosha na wageni. Ndaga, asanteni wanangu... ndaga fijo. Haya, nendeni mkawashe moto. Nataka nimsikie Tusekile akikosea nyundo... nikiwa bado naweza... kucheka.