Kufuli la Msitu wa Umma

Basi lilikuwa na viti tele, lakini mzee mlinzi wa msitu wa umma alikwenda kubanana na kijana dereva wa tingatinga, kwa kiu ya kuongea tu. Walinzi wenzake wote walishahamia kampuni ya mgodi. Langoni walibaki yeye na mbu.

"Mzee wangu, kufuli jipya la nini?" kijana alicheka, akilitazama kufuli mapajani mwa mzee. "Kesho naingia humo msituni kuchimba. Nitalisaga kama biskuti."

"Lisage, mwanangu. Ila usije ukasema ulikuta lango wazi."

Kijana akatazama nje. "Huna hata wa kukusaidia?"

"Mpaka kituoni, ninaye wewe."

Basi likasimama kituoni, penye lango la msitu. Wakashuka wote wawili, baada ya kupishana sana mlangoni: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe.