Bosi Mpya wa Larkmoor

Kwenye basi la kutoka maegesho hadi lango la Larkmoor, bustani ya mabembea na michezo ya kupanda tunayoipenda sisi watu wa Ohio, Marekani, mbele yangu walikaa Darlene, aliyefungia ndoa humo humo, na mzee Wendell, fundi wa humo aliyestaafu juzi. Ndiyo kwanza walikuwa wametajiana majina.

"Tangu aje bosi mpya, hata maua hayamwagiliwi," Darlene alisema. "Ila mimi siachi kuja."

"Afadhali maua, dada. Mafundi kawapunguza nusu. Ile treni ya kuchezea inayoteremka kwa kasi kwenye reli za mbao haikaguliwi tena kila siku."

"Mzee, usinitie hofu! Mwanangu yumo humo tangu asubuhi, na hiyo ndiyo anayoipanda."

"Basi mpigie."

"Nimwambie nini? Kuna mzee kwenye basi anaogopa?" Alicheka, lakini simu alikuwa ameshaitoa. "Na wewe unayeogopa, umefuata nini huku?"

"Nimezoea," Wendell alijibu kwa aibu.

Nilitaka kucheka, lakini hata tiketi yangu mwenyewe ilikuwa ya mwaka mzima.

Simu iliita bila kupokelewa. Nyuma ya miti treni iliteremka kwa kasi kama kawaida yake, na mayowe ya abiria yakatufikia. Safari hii hakuna aliyetabasamu. Basi liliposimama, Darlene alishuka mbio, simu ikiwa bado sikioni.