Marehemu Lukasi na Fidia ya Mahindi ya Rudewa

Shilingi elfu mbili, ndugu waombolezaji, zimetajwa tena leo asubuhi pale kaburini, watu wakiwa bado wanachimba, na aliyezitaja hakujua kwamba nimesimama nyuma yake, alikuwa akimwambia mwenzake kwamba Lukasi ameondoka na siri ya hela za Wamasai, nikamwambia siri hiyo nitaisoma mimi mbele ya jeneza, akanijibu kwamba msibani watu hawagombani, wazee nao wakaniita pembeni wakanisihi mwaka 1970 niuruke, nikawaambia sijui kusoma kwa kuruka, nilijifunza kusoma ukubwani, mstari kwa mstari, na ndivyo nitakavyosoma.

Kaka yangu Lukasi Madole alizaliwa Kidete tarehe 14 Machi 1922, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Yohana Madole, kibarua wa njia ya reli, na marehemu mama Agnesi. Alianza shule ya misheni mwaka 1932, akafika darasa la nne, mwaka 1936 baba akafariki, na masomo yakaishia hapo, maana nyuma yake tulikuwa wanne, na mimi Nikolaus, wa mwisho, nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Mwaka 1939 aliajiriwa hapa Rudewa katika shamba la mkonge, kwanza mkataji, baadaye karani wa kuhesabu mizigo ya wakataji, kazi iliyompa maadui pande zote mbili, kwa sababu msimamizi alimtaka apunguze na wakataji walimtaka aongeze, yeye akaandika alichokiona. Tarehe 7 Agosti 1948 alifunga ndoa na shemeji yangu Magreti, huyu hapa mbele yenu, Mungu akawajalia watoto watano, wanne wako nasi, na Hildegarda alitangulia mwaka 1953 kwa surua.

Alijiunga na TANU mwaka 1955, mwaka 1958 akafukuzwa kazi kwa sababu ya kadi ile, akahamia Mabwerebwere, na Uhuru ulimkuta anauza chumvi na mafuta ya taa. Mwaka 1965 aliteuliwa kugombea ubunge wa jimbo letu, akapewa alama ya Jembe, na mwalimu Cleopa akapewa Nyumba, na mnakumbuka utaratibu wa wakati ule, wagombea wawili wa chama kimoja, gari moja, jukwaa moja, huyu akisema yule anasikiliza, wakazunguka hivyo kuanzia Kidete mpaka Mikumi, na katika barabara ya Mikumi, kaka akiwa amefunua turubai la Landrova apate hewa, Cleopa akamwambia, "Jembe, funika huko, Nyumba imejaa vumbi," wakacheka mpaka dereva akasimamisha gari. Kaka alishinda kwa kura 63. Hakujidanganya kwamba jimbo ni lake, akitoka Bungeni Dar es Salaam alishuka Kilosa, hakwenda nyumbani kwanza, alikaa palepale stesheni na mkoba wake miguuni, watu wakaja wakamweleza shida zao, wengine wakamtukana, akasikiliza hata matusi.

Sasa nimefika pale nilipoambiwa niruke. Mwezi Juni 1969, mahindi yakiwa yanakaukia shambani, ng'ombe wa boma la mzee Koileken, ambaye yuko hapa, ameketi pale karibu na mlango, waliingia katika mashamba ya Rudewa wakitafuta maji, vijana wa huku wakashika mapanga, wa kule mikuki, kaka akaja akakaa katikati yao mpaka hasira zikapoa, wakakubaliana kwamba ng'ombe wapewe njia ya kwenda mtoni kupitia mkonge uliotelekezwa, na Koileken alipe fidia. Koileken akauza ng'ombe mnadani, zikapatikana shilingi elfu mbili, wenye mashamba wakakataa kupokea kitu kutoka mkononi mwake, basi akazikabidhi kwa kaka, palepale mnadani, kila mtu akiona, na jioni ileile kaka akazigawa zote ndani ya darasa la shule kwa kaya kumi na tisa, kila kaya kwa kadiri ya mahindi yaliyoliwa, mimi nilikuwemo humo nikishuhudia. Kwa hiyo watu waliona hela zikiingia mkononi mwake, zikitoka waliziona waliolipwa na mimi tu.

Mwaka uliofuata uchaguzi ukaja, maneno yakaenea kwamba mbunge amekula hela za ng'ombe, na wale waliolipwa wakanyamaza. Sababu naijua. Kijiji kilikuwa kimepanga kila mtu alime ekari moja yake na nguvu nyingine ziende shamba la ujamaa, wenzetu hawa walikuwa wamelima tatu, wengine nne, huku shamba la wote likiota magugu, sasa atakayesema amelipwa ataulizwa amelipwa kwa ekari ngapi. Nilimwambia kaka awataje jukwaani, akanijibu, "Mdogo wangu, nikiwataja watafukuzwa kijijini. Mimi nikishindwa nitakwenda kulima." Nikamwambia yeye ni mjinga. Akasema, "Haya, ni mjinga. Nizibie tyubu ya baiskeli, kesho nina mkutano Mikumi." Tarehe 30 Oktoba 1970 alishindwa kwa kura 27. Kaya kumi na tisa, mume na mke, pigeni hesabu wenyewe.

Mwaka 1974, tulipotakiwa wote kuhamia vijijini, angeweza kwenda kwetu Kidete, akachagua hapa, akabomoa nyumba yake kwa mikono yake, akaja na milango juu ya mkokoteni, akajenga katikati ya watu walewale, shikamoo zao akaziitikia, harusi zao akahudhuria. Lakini shemeji Magreti akienda kisimani ndoo yake iliitwa ndoo ya elfu mbili, na mwezi wa pili mwaka huu mjukuu wao Raheli alirudi kutoka shule akamuuliza babu yake aliiba nini, kaka alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba, na mimi kushindwa kwake uchaguzi sikumwona akikulilia, siku ile nilimwona.

Miguu ilianza kumvimba mwezi Machi 1977, akatibiwa Kilosa, mwezi Mei akapelekwa Morogoro, ikaonekana ni moyo, akaomba kurudi nyumbani, na tarehe 9 Julai 1977 alifariki mikononi mwa mkewe, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilosa na Morogoro, mwalimu Cleopa aliyekuja kumsomea magazeti macho yalipochoka, mzee Koileken aliyemletea maziwa mpaka siku ya mwisho, na majirani wa Rudewa, mliombeba kwa machela hadi barabarani na mliochimba kaburi hili, hayo siyakatai, ahsanteni.

Ni desturi kutangaza kwamba anayemdai marehemu aonane na familia, nami natangaza, njooni kwangu, nitalipa. Lakini na marehemu anadai, na wadaiwa wake wako hapa, wengine wana udongo mikononi. Mipaka ya ekari ilikwishapimwa upya, hakuna atakayefukuzwa leo, na Magreti atabaki kuchota maji pamoja nanyi. Wanasema nimalizie kwa kumtakia kaka yangu mapumziko ya amani, nitamtakia akishalipwa. Mliopokea fidia ile, simameni mseme mlipokea.